Mtoto wa Rafiki Yako

Athene, mtaa wa wafinyanzi
Mwezi wa kwanza wa mwaka, siku ya tano

Mdogo wangu Eukrito,

Barua hii ikukute unapumua na meno yako yote yapo. Sisi huku tunaendelea kushindana na dunia. Mama mkwe anakohoa kila asubuhi, kwa sauti ya kutujulisha kwamba anakohoa. Mbuzi mweupe amezaa mapacha. Tanuri letu lilipasuka ubavuni mwezi uliopita, vyungu arobaini vikaharibika, tukalikandika upya. Mtini wa uani umezaa hadi majirani wakituona na kikapu wanafunga milango.

Sasa kaa chini. Shemeji yako amekuwa mtawala.

Najua umecheka. Mikioni wangu, mtu asiyeweza kuchagua kati ya dagaa na mkunga bila kurudi nyumbani kuniuliza! Walikwenda kuokota maharagwe kwa ajili ya Baraza la Mia Tano. Unakumbuka inavyofanywa: jina linatoka kwenye chungu hiki, haragwe linatoka kwenye kile, likiwa jeusi rudi kwako, likiwa jeupe unaingia Barazani mwaka mzima. Alikwenda kwa sababu binamu yake alimwambia watu wa kata yetu hawatoshi. Likatoka jeupe. Alirudi nyumbani amekodoa macho, akakaa kwenye kigoda cha kupakia rangi, akasema, "Filina, wamenipa nchi."

Kabla ya kuapishwa walimhoji mbele ya watu. Makaburi ya kwenu yako wapi? Vitani ulikwenda? Wazazi wako unawatendea mema? Mama mkwe aliposikia hilo la mwisho akasema kama wangetaka jibu la kweli wangemwita yeye.

Tangu siku hiyo nikipaka rangi mawazo yananikimbia. Mji mzima, na meli zake, na vita vyake na huyo Mfalme wenu wa Parsa, uko mikononi mwa watu waliookotwa kama kunde sakafuni, na mmoja wao ni mume wangu. Na mji hauanguki! Hilo ndilo linalonishangaza. Basi wewe uliye huko niambie: mtu mmoja akiamua yote, inakuwaje? Bei ya chumvi anaijuaje? Akikosea, nani humwambia? Nauliza kwa kutaka kujua, si kwa kukuchokoza. Labda kidogo kwa kukuchokoza.

Jambo jingine. Miaka saba sasa unaniandikia habari za mawe. Jiwe hili gumu, jiwe lile lina ufa. Unaishi na nani? Nani anakupikia? Au mawe ndiyo unayokula?

Dada yako,
Filina


Parsa
Siku ya tisa ya mwezi wa saba, mwaka wa kumi na nne wa Mfalme

Dada Filina,

Barua yako imetembea zaidi ya miezi mitatu, nayo imefika inanuka samaki wa bandarini. Niliinusa kwanza ndipo nikaisoma. Mpe mama mkwe pole ya kikohozi, na mpe mtawala wetu shikamoo yangu, mwambie naipiga nikiwa nimeinama mpaka chini kama tufanyavyo huku, na asiniombe niinuke upesi maana mgongo wa mchonga mawe hauna haraka.

Mimi ni mzima. Baridi imeanza milimani. Nilijikata kidole cha shahada kwa patasi lakini kimepona, kimepinda kidogo tu.

Nyinyi hata mwaka mnaupa jina la mtu aliyeokotwa kwa haragwe. Kila ninapotaka kukumbuka nilizaliwa lini lazima nikumbuke kwanza mzee fulani ambaye hakuna aliyemjua kabla wala baada. Huku mwaka hutangulia wenu kwa miezi mitatu, nao una namba ya Mfalme. Kumi na nne, kumi na tano, hata punda angeweza kuandika barua.

Uliuliza nani humwambia Mfalme akikosea. Hakuna. Mwenye nguvu mpishe, ndiyo desturi yao, nao hawaionei haya. Nimemwona mara moja katika miaka saba, kwa mbali, na kabla hajapita tuliambiwa tuingize mikono ndani ya kanzu zetu ili ionekane haina kisu. Bei ya chumvi haijui. Lakini anao watu wanaoijua, na ana wengine wa kuwachunguza hao, na nasikia wapo wanaowachunguza wachunguzi.

Ila usidhani wewe ndiwe mwenye haki ya kushangaa peke yako. Kwenye ngazi ya jumba la Mfalme ninayochonga tuko mataifa sita. Mmisri anamwomba paka wake, Mbabeli anaziomba nyota, mimi namwomba Athena, na hakuna anayetuingilia. Hakuna aliyewahi kuniuliza makaburi ya kwetu yako wapi. Waliniuliza, "Ndevu unaweza kuchonga?" Nikasema naweza. Wakasema, "Zilizojikunja?" Basi.

Nikupe na jingine la kukuchekesha. Hawa watu jambo kubwa hulijadili wakiwa wamelewa. Kesho yake asubuhi mwenye nyumba huwauliza tena, vichwa vikiwa vinawauma, na wakilikubali mara zote mbili ndipo linapita. Mwezi uliopita wakubwa wa kazi walijadili simba wa ngazi yetu aangalie upande gani. Walevi wakasema kushoto. Asubuhi wakasema kulia. Jioni wakalewa tena, wakasema kushoto, na mzee mmoja akalia kwa uchungu. Simba wangu hana kichwa mpaka leo. Unaweza kucheka, lakini fikiri: nyinyi mnaamua mkiwa na akili timamu, tena mara moja tu, kisha mnakwenda kula. Una hakika hilo ndilo salama?

Na usinijibu kwa habari ya uhuru kabla hujaniambia kama watu wa visiwani nao huokota maharagwe, au huona tu meli zenu zikija kuchukua kodi.

Chakula ninapata, tena kizuri.

Kuna jambo dogo. Nina rafiki hapa, mtu wa kwetu kabisa, kata ya jirani na yetu. Amekaa na mwanamke wa huku na wana mtoto wa kiume, miaka mitano. Anafikiria kurudi. Anauliza mtoto huandikishwaje siku hizi. Zamani ilitosha baba awe mwananchi. Mwulize Mikioni, maana sasa yumo ndani. Si jambo la haraka.

Mdogo wako,
Eukrito


Athene
Mwezi wa tisa, siku ya kumi na nne

Eukrito mpenzi,

Bahari ilifungwa majira yote ya baridi, ndiyo maana nimekawia. Simba wako ametuvunja mbavu. Mikioni aliwasimulia Barazani, na mzee mmoja akasema kwa uzito kabisa kwamba hata sisi tungejaribu.

Hatujambo. Pacha mmoja wa mbuzi alikufa. Mama mkwe amepata dawa ya kikohozi na sasa anasikitika kwa sababu imefanya kazi. Mimi nimepata kazi ya mitungi ya harusi kumi na miwili. Nawachora maharusi wote wana nyuso za kushtuka, na wanunuzi wanapenda.

Visiwani hawaokoti maharagwe. Nilimwuliza Mikioni, akatazama ukuta. Basi hapo umenipata, chukua.

Nami nikupe la kwetu. Siku ya mkutano mkuu watu huzubaa sokoni, kwa hiyo watumwa wa mji hukokota kamba ndefu iliyopakwa rangi nyekundu, wakiwasukuma wananchi kama kuku kuelekea kilimani. Ukionekana una rangi kwenye kanzu, watu wanajua ulikuwa unatangatanga wakati nchi inaamuliwa. Sasa fikiria mjumbe wa Baraza, anayepaswa kukaa mbele kabisa, amerudi kwangu na mstari mwekundu mgongoni! Alikuwa anaangalia mikunga. Nilisugua kanzu ile kwa majivu siku mbili.

Kuhusu rafiki yako, mwambie amechelewa. Ipo sheria mpya, ya juzijuzi tu, tena ilianzia Barazani kwa akina Mikioni kabla ya kwenda kilimani. Mwananchi ni yule ambaye baba yake ni wa hapa na mama yake ni wa hapa. Wanasema tumekuwa wengi mno, kila baharia anarudi na mke wa pwani za watu. Ilipita kabla ya chakula cha mchana. Mikioni naye aliinua mkono. Nilimwuliza kwa nini, akasema aliyekuwa mbele yake aliinua, na yeye alikuwa anafikiria tanuri.

Nikwambie siri? Mimi niliifurahia. Maisha yangu yote sheria za mji huu zimepita juu ya kichwa changu kama kunguru, hakuna hata moja iliyotua. Hii imesema mama. Awe wa hapa! Kumbe mimi ni kitu. Nilitembea nyumbani siku nzima nimeinua kidevu, mpaka mama mkwe akaniuliza kama shingo inauma.

Kwa hiyo huyo rafiki yako amlee mwanawe huko huko, amfundishe kumpigia magoti Mfalme. Alipokuwa anachumbia hakutuuliza. Majuto ni mjukuu, mwambie hivyo kutoka kwangu.

Hujajibu nani anakupikia.

Filina


Parsa
Siku ya ishirini ya mwezi wa nne, mwaka wa kumi na tano

Dada,

Barua imefika. Niko salama, nawe uwe hivyo. Simba amepata kichwa, anaangalia kushoto.

Rafiki yangu nimemwambia. Amesema asante.

Msalimie shemeji.

Eukrito


Athene
Mwezi wa nne, siku ya pili

Eukrito,

Anaitwa nani?

Usinizungushe. Mtu aliyenijazia ngozi nzima ya barua kwa habari za simba mlevi, kisha ananitumia mistari minne, ana jambo. Niliisoma barua ile nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nimekaa, na mara ya tatu nikaanza kulia kabla sijajua nalia nini. Anaitwa nani mtoto wako? Ana macho ya baba yetu? Mama yake ni mtu wa namna gani?

Nimekukasirikia mno. Miaka mitano nina mtoto wa ndugu yangu chini ya jua hili nami sina habari, nakuuliza nani anakupikia kama mjinga! Ulidhani nitamkataa wifi yangu kwa sababu anavaa suruali? Na mimi nikakuandikia mzaha ule. Naukumbuka neno kwa neno. Kila nikiukumbuka nauma ulimi.

Nilimwambia Mikioni akiwa kwenye gurudumu. Aliliacha likazunguka mpaka likasimama lenyewe, chungu kikaanguka upande. Hakula siku hiyo. Alichosema ni hiki tu: "Nilikuwa nafikiria tanuri, Filina. Naapa nilikuwa nafikiria tanuri." Nikamwambia sasa simama kilimani ukaifute. Muda wake wa Barazani umekwisha, lakini mkutanoni mpiga mbiu huuliza kila mara nani anataka kusema, na mtu yeyote anaweza kusimama. Alikwenda. Aliposimama akaanza kugugumia, na kina fulani wakamwuliza mke wake wa kigeni kamficha wapi. Walicheka mpaka akakaa. Penye wengi pana mengi, mdogo wangu, lakini siku ile palikuwa na kicheko tu.

Basi sikiliza nilichofikiria. Unajua nilizika watoto watatu. Sitaandika zaidi ya hapo.

Mlete. Sikukuu ya koo inapofika, baba humpeleka mtoto mbele ya madhabahu, anaapa kwamba amezaliwa na yeye na mwanamke wa hapa aliyeolewa kwa halali, na wanaume wa ukoo wanamwandika. Mikioni ataapa kwamba ni wetu. Tutasema alizaliwa dhaifu, tukampeleka kulelewa kwa shangazi yetu kisiwani Naksosi, penye hewa nzuri. Shangazi ameshakufa, hatakanusha. Mtoto atakuwa mwananchi. Ataokota haragwe lake siku moja, na hakuna atakayemhamisha wala kumnyamazisha.

Nijibu kwa ukweli safari hii.

Dada yako


Parsa
Siku ya tatu ya mwezi wa kumi na mbili, mwaka wa kumi na tano

Dada yangu,

Anaitwa Vidarna. Macho ni ya mama yake, lakini masikio ni ya baba yetu, yamesimama kana kwamba anasikiliza ng'ambo ya ukuta. Anapenda maziwa yaliyoganda na anaogopa bata. Nilinyamaza kwanza kwa sababu nilitaka kukushangaza siku nikirudi naye mkononi. Halafu miaka ikapita, na jambo ambalo hukulisema mwaka wa kwanza linazidi kuwa zito.

Mama yake ni Apama. Anasimamia wafumaji wanawake sitini. Ana muhuri wake mwenyewe, akiubonyeza kwenye udongo watu wanapewa nafaka. Divai anayopewa na serikali ni nyingi kuliko yangu, na anapenda kunikumbusha.

Nilimsomea barua yako. Akaanza kunihoji kama hakimu.

"Huko kwenu wanaoamua ni watu elfu ngapi?"

"Kama sita, siku ya mkutano mkubwa."

"Wanawake wangapi?"

"Hakuna."

"Na mtoto sasa anahesabiwa kwa mama."

"Kwa baba na kwa mama."

"Na huyo mama akitaka kusema neno?"

"Hasemi."

"Sasa wanamtaka wa nini? Wa kutia chumvi?"

Nilicheka, yeye hakucheka. Akasema, "Mtoto wangu nimemfundisha kitu kimoja kabla ya kumfundisha kula kwa mkono wa kulia. Asiseme uongo. Wewe unataka aingie kwenye mji wenu kwa mlango huo." Nikamwambia mnajisifu kwa ukweli, lakini yuko nani hapa anayethubutu kumwambia Mfalme ukweli? Kwetu kila mtu husema atakalo. "Ndiyo," akasema, "na shemeji ya dada yako, sijui mumewe, alisema atakalo, wakamcheka." Filina, tumebishana siku kumi, na mimi nilianza ubishi huu na wewe kwa mchezo tu!

Lakini mwezi uliopita lilikuja neno. Neno moja, limeandikwa kwenye kipande cha udongo kinachoenea kiganjani. Familia arobaini za wachonga mawe zihamie mashariki, mwendo wa miezi. Jirani yangu Mkaria, mmoja wa hao, alikuwa anapika. Alikula chakula kikiwa kibichi wakaondoka. Hakuna aliyeonewa, hakuna aliyepigwa, nafaka ya njiani walipewa kamili. Na hakuna hata mmoja aliyeuliza kwa nini, kwa kuwa hakuna wa kuulizwa. Vidarna akifika miaka kumi ataandikwa miongoni mwa vijana wa kazi za Mfalme, na neno likija, atakwenda peke yake.

Jioni ile Apama alisema, "Mpeleke." Kisha akasema, "Mimi sitakuja. Sitaki kuwepo akikuita mjomba." Akaenda kulala na nguo zake za kazi.

Nina swali moja, na usinijibu haraka. Unamtaka kwa ajili yake, au kwa ajili yako?

Eukrito


Athene
Mwezi wa kumi na mbili, siku ya nane

Eukrito,

Kwa ajili yangu. Na kwa ajili yake pia, lakini ulitaka la kweli, na lililotangulia moyoni ni hilo. Nimeshamshonea kanzu. Nimeifumua mara mbili kwa kuwa sijui kimo chake.

Mwambie Apama kwamba kuhusu chumvi amenishinda. Mwambie nitamlea akijua kufunga mdomo, lakini sitamlea akiwadharau watu wa huko. Naandika hivi nikijua ni kitu kidogo mno kumpa mwanamke badala ya mtoto.

Mikioni anafanya mazoezi ya kiapo. Mtu huyu hajawahi kuiba hata tini. Anasimama mbele ya tanuri, ananyoosha mkono, anasema maneno yote, halafu anakwenda kunawa.

Ondokeni mkiipata hii. Msipoiwahi sikukuu ya mwaka huu, mtaiwahi ya mwaka ujao. Jambo moja zingatia: njia ya mwongo ni fupi, kwa hiyo uongo wetu huu lazima uanze mbali. Hati yako ya safari husomwa kila kituo, na wafanyabiashara wa kwetu wako njia nzima, masikio wazi. Iandikwe huko huko Parsa: Eukrito na mpwa wake. Mtoto atajibu jina la Hegia, la babu wa Mikioni. Mfundishe vizuri, mdogo wangu. Mimi ni mama, Mikioni ni baba, wewe ni mjomba.

Tunawangoja.

Filina


Parsa
Siku ya kumi na tano ya mwezi wa saba, mwaka wa kumi na sita

Dada yangu Filina,

Sote watatu ni wazima. Nalitanguliza hilo usije ukasoma yanayofuata kwa hofu. Kikohozi cha mama mkwe kikirudi, mchemshie asali na majani ya mtini, Apama anasema inasaidia.

Nilimfundisha siku ishirini. Tuliufanya mchezo. Nikimwita Vidarna asigeuke, nikimwita Hegia ageuke. Akiniita mjomba apate zabibu kavu. Mwanzoni alikuwa akisahau na kucheka. Kufikia siku ya kumi na tano alikuwa hasahau, na zabibu alikuwa hazitaki tena, alikuwa ananipa mimi.

Juzi tulikwenda kwenye ofisi ya hati. Apama alimfunga viatu, akavifungua, akavifunga tena, akabaki ndani. Karani alikuwa mgeni, mtu wa Shushani, asiyetujua. Alikanda udongo wake, akachukua kalamu ya tete.

"Nani anasafiri?"

"Eukrito Mgiriki, mchonga mawe, kwa ruhusa ya msimamizi wake. Na mpwa wangu."

"Mtoto wa nani?"

"Wa dada yangu."

Akaandika. Nilidhani tumemaliza. Kumbe kwao kila mwenye ulimi huulizwa mwenyewe, hata akiwa na meno ya maziwa. Akainama juu ya meza, akasema kwa upole, "Bwana mdogo, huyu ni nani kwako?"

"Ni mjomba wangu."

"Na baba yako?"

"Yuko Athene. Anafinyanga vyungu."

"Jina lako?"

"Hegia."

Alisema vizuri, dada. Hakugugumia. Alisimama wima, mikono ubavuni, uso mtupu kama wa wale ninaowachonga ngazini wakimpelekea Mfalme kodi. Kisha akanitazama, kuona kama amepata.

Nimetumia miaka tisa kuchonga nyuso zisizo na kitu ndani, na sijawahi kuona aibu. Juzi niliona. Ule uso niliuchonga mimi.

Nikamwambia karani, "Nimesema uongo. Huyu ni mwanangu. Anaitwa Vidarna, mama yake ni Apama wa wafumaji." Kumwongopea karani wa Mfalme ni kosa huku, na watu wamewahi kukatwa masikio kwa madogo kuliko hilo. Yule mtu alinitazama. Akamtazama mtoto. Udongo ulikuwa bado mbichi. Akaubonyeza kwa kidole gumba, akausawazisha mpaka maandishi yakafutika, akasema, "Ungekuwa umekauka ningekushitaki. Nendeni nyumbani."

Kwa hiyo hatuji. Mwambie Mikioni asiape, na asinawe tena, mimi sina kinyongo naye na sikuwa nacho. Wewe najua nimekunyang'anya nini, nawe hukunificha, na nitakuwa na deni la ukweli huo kwako maisha yangu yote. Ile kanzu mpe mtoto yeyote wa mtaani kwenu. Neno likija la kutuhamisha, litatuhamisha watatu, na akifika miaka kumi nitakwenda kumpigia magoti msimamizi wangu aniache nimfuate popote atakapopelekwa. Huo ndio uhuru nilio nao, ni mdogo, lakini niliuchagua mwenyewe.

Limebaki moja ambalo silimudu. Tulipotoka ofisini mtoto alitembea mpaka kwenye kisima cha wapanda farasi. Hapo akanivuta kanzu.

"Baba," akasema, "nilikosea wapi?"

Wewe ni shangazi yake, Filina. Tafadhali mwandikie jibu wewe.

Eukrito